Usiku Wangu katika Behewa la Kaka Idi

Wenzangu, mmeniuliza mmoja mmoja. Kwenye foleni ya sukari mmeniuliza, bombani mmeniuliza, hata mlangoni kwangu nikiwa na sindano mdomoni na gauni la mtu magotini. Kila mara nahadithia kipande, mteja anaingia, nakata. Kesho yake kile kipande nakikuta mtaani kimevaa nguo nyingine. Basi nimechukua daftari la binti yangu, nayaandika yote mara moja. Mwisho wake wengi mnaujua. Niacheni niufikie taratibu, maana hata mimi sikuufikia kwa kurukia.

Kariakoo

Ulikuwa ule mwaka wa njaa, wa unga wa njano wa msaada. Mama alikuwa na mwezi wa pili kitandani, na mimi nilikuwa nimehamishia cherehani chumbani kwake ili nishone huku namsikia akipumua. Jumapili moja, baada ya alasiri, akaniambia, "Zuhura, funga mlango."

Nikafunga.

"Mimi naondoka," akasema. "Usinikatize. Sitaki kufa na kinyongo na mwanangu. Nenda kamlete Idi nimpe radhi yake."

Wale msiomjua kaka Idi, ndiye mkubwa wetu, na tuko wawili tu. Alikuwa akifanya kazi ya njia ya reli huko bara, mbali kupita Tabora. Miaka saba nyuma, baba alipofariki, mjomba alimpigia telegramu: BABA MGONJWA SANA NJOO. Sasa sisi watu wa hapa tunajua, msiba hauandikwi waziwazi. Habari nzito mtu huambiwa akiwa amekaa, amezungukwa na watu wake, ameshikwa mkono. Ukiandikiwa "mgonjwa sana" unafunga mzigo huku unalia. Lakini kaka Idi alikuwa ametoka nyumbani angali kijana, akayasoma maneno kama yalivyoandikwa. Akamaliza wiki yake ya kazi, akatafuta kopo la asali ya mgonjwa, akapanda treni. Alipofika, kaburi lilikuwa na siku tisa.

Mama alimpokea mlangoni. "Umekuja kumtazama mgonjwa? Mgonjwa yuko makaburini Kisutu. Nenda kamtazame."

Kaka aliiweka ile asali kizingitini, akageuka. Tangu siku ile hakutia mguu tena nyumbani, na mama hakumtaja tena kwa jina mpaka hiyo Jumapili ninayowaambia.

"Nimpigie telegramu?" nikauliza.

"Thubutu! Ukimwandikia mgonjwa, safari hii atajua nimekufa. Ukimwandikia sijafa, ndiyo kabisa ataamini nimekufa. Nenda mwenyewe ukamwambie kwa mdomo wako: mama yu hai, na anakutaka."

"Na wewe nikuache na nani?"

"Na Mungu. Na Bi Tatu wa chumba cha mbele."

Nilikasirika, sitaficha. Miaka saba nimekaa naye peke yangu, sasa namwogesha, namlisha, namsomea Yasini, na sasa natumwa porini kumtafuta aliyeondoka. Lakini mama akishatuma ametuma.

Jumatatu nilivuka barabara kwenda dukani kwa Mangi, kutafuta sukari ya safari. Jina lake la ubatizo analo, ila mtaa mzima tunamwita Mangi kwa kuwa ametoka Kilimanjaro. Nikamweleza ninakokwenda. Akasikitika sana, akachukua penseli, akaniuliza jina kamili la kaka na stesheni inayopokea barua zake. Nikadhani anataka kumwombea kanisani. Nikamtajia.

Jumanne jioni nilijifunga khanga, nikainama kumbusu mama mkono. Akanitazama, akasema, "Usikae dirishani, upepo utakuingia kifuani." Nikamwambia Jumapili nitakuwa nimerudi, mimi na Idi. Akaitikia kwa kichwa tu.

Dar es Salaam hadi Saranda

Daraja la tatu mnalijua. Nilibanwa kati ya mama mmoja mwenye kikapu cha vitunguu na kijana wa ushirika mwenye suruali iliyonyooshwa kwa pasi. Yule kijana alituhutubia kilimo cha bega kwa bega mpaka tukakaribia Morogoro, kisha akalala akaliegemea bega la mama wa vitunguu. Hakuna aliyemwamsha. Mama wa vitunguu alisema, "Mwacheni, ndiyo bega kwa bega yenyewe."

Usiku treni ilisimama porini saa nzima, na nyingine, na nyingine. Kila iliposimama mimi nilihesabu pumzi za mama. Dodoma tulifika jua limeshapanda, na Saranda tukafika mchana, nina njaa ya kuuma vidole.

Saranda tukasimama tena. Nikamwita gadi dirishani. "Ndugu, tunasubiri nini sasa?"

"Ya kutoka bara ipite, mama. Njia ni moja."

"Na kwa nini tusubiri sisi? Wao ndio wenye wagonjwa?"

"Kila treni ina wagonjwa wake," akasema, akaenda zake.

Nikateremka kununua kuku, maana kupita Saranda bila kuku ni kuidhulumu nafsi. Nikawa nabishana na muuzaji juu ya paja alilotaka kunipa, lilikuwa jeusi kama pasi ya mkaa. Nyuma yangu ile treni ya kutoka bara ikaingia, ikasimama, watu wakaita, vikapu vikapanda madirishani. Sikugeuka. Nilikuwa nimeipa mgongo kwa hasira, kwa kuwa ndiyo iliyonichelewesha. Nilipopata paja langu, nayo ikaondoka.

Tabora na tawi la Mpanda

Tabora tulifika usiku, nikalala kwenye benchi la stesheni, kichwa juu ya mzigo. Asubuhi nikapanda treni ya Mpanda, nusu mabehewa ya watu, nusu ya mizigo. Gadi wa huku alikuwa mtu mzima, mpole. Nilipomtajia jina la kaka, akavua kofia.

"Wewe ni nani yake?"

"Mdogo wake, tumbo moja."

"Pole sana, mama," akasema. Nikadhani ananipa pole ya safari. Nikamjibu, "Nimeshapoa."

Kutwa nzima ni miti. Miti ile ya miombo, mirefu, imesimama kimya, huoni nyumba, huoni moshi. Mbung'o waliingia dirishani wakatuuma juu ya nguo. Nikamkumbuka mama na dirisha lake, nikahama kiti. Niliona twiga, wengine wakaniambia jana yake waliona simba amelala kwenye reli kama paka wa uani. Nikajiuliza mtu anaishije huku miaka saba. Nikaanza kumwonea kaka huruma, kidogo, siyo sana.

Alasiri treni ikapunguza mwendo, ikasimama pasipo stesheni wala kibao. "Hapa," gadi akasema. Akanishika mkono kuniteremsha mwenyewe.

Behewani

Kandokando ya reli lilikuwepo behewa kuukuu la abiria, limeondolewa magurudumu, limekalishwa juu ya mataruma, yale magogo yanayolaliwa na reli. Bati la paa lilikuwa limepata kutu, ubavuni namba bado inasomeka. Walikuwa wameongeza ngazi ya mbao na kibaraza cha makuti, na kulizungushia boma la miiba. Ndipo walipokaa watu wa genge la njia, wanaoitengeneza reli. Nyumba nyingine hakuna, labda uende siku nzima kwa miguu.

Wanaume kama sita walikuwa wamesimama kibarazani, vichwa wazi. Mbele yao mzee mmoja mfupi, mwenye nywele za mvi. Huyo ndiye Mzee Kapela, mnyapara wao, Mnyamwezi wa Tabora.

"Shikamoo, mzee," nikasema.

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye Zuhura." Akanishika mkono kwa mikono yake miwili. "Pole sana. Ndiyo kazi ya Mungu. Ingia ndani ukae na wenzako."

Nikatazama nyuma yake. Kaka Idi hayupo. Nikatazama ndani ya behewa: mkeka umetandikwa, wanawake wawili wamejifunika khanga kichwani, sufuria kubwa la wali mafigani. Nikautupa mzigo, nikapanda ngazi mbio.

"Kaka yangu!" nikapiga ukelele. "Kaka Idi!"

Wale wanawake wakainuka wakanidaka. Mmoja alikuwa mke wa Mzee Kapela, Bi Nyamizi. Akanikalisha mkekani, akaniweka kifuani pake, akaangua kilio, na mwenzake naye akaangua, na mimi nikalia mpaka sauti ikakauka. Nililia kwa ajili ya ile asali ya kizingitini. Nililia kwa ajili ya mama, nitamwambia nini. Bi Nyamizi alikuwa akinipapasa mgongo, akisema, "Lia, mwanangu, lia. Sisi tumeanza tangu juzi."

Nilipopata pumzi nikauliza, "Mmemzika wapi?"

Kilio kikakatika. Bi Nyamizi akanitazama.

"Sisi?" akasema. "Si ninyi huko Dar ndio mliomzika?"

"Tumzike Dar vipi, naye alikuwa huku kwenu?"

"Nani alikuwa huku?"

"Kaka Idi!"

"Idi kaenda kumzika mama yake," akasema Mzee Kapela kutoka mlangoni. "Kapanda treni Jumanne."

Jamani. Nilikaa pale mkekani, machozi ya msiba mmoja yakiwa mashavuni, nikifikiri nicheke au nipige mtu. "Mama yangu yu hai!" nikasema. "Nimemwacha anapumua, ananikataza kukaa dirishani!"

Mzee Kapela akaingia ndani, akatoa karatasi kwenye kopo, akanipa. MAMA MGONJWA SANA NJOO UPESI. Chini yake jina la yule mwenye duka ng'ambo ya barabara. Mangi na penseli yake! Mtu wa Kilimanjaro, kwake mgonjwa ni mgonjwa. Aliandika kweli tupu, kwa moyo safi, na kweli yake ikasomwa kwa desturi yetu.

"Tulimwambia labda ni mgonjwa tu," Mzee Kapela akasema. "Akatukatalia. Sasa wewe Mzaramo unanikazia macho mimi? Nyinyi watani zetu mna balaa, hata kufa kwenu ni kwa mafumbo. Mnyamwezi akifa, tunaandika kafa."

Wale wanaume wakacheka chini chini, kwa haya. Mimi sikucheka. Hasira zote tangu Jumapili zilinipanda. "Mnamchuria mama yangu!" nikawaambia. "Mtu yu hai mnamtandikia mkeka, mnampikia wali wa matanga! Kunjeni! Kunjeni hata sasa hivi!"

Wakakunja mkeka. Wale waliokuwa wameandaa kumsomea hitima wakafunga misahafu. Hakuna aliyenijibu vibaya. Mchele ule, nilikuja kujua, walichangishana, kila mtu kapunguza kwenye posho yake ya mwezi, na huko mchele haupatikani.

Jua likazama upesi. Boma likafungwa, na ngazi ikavutwa ndani, maana usiku hakuna anayekanyaga chini kwa hofu ya simba. Bi Nyamizi akapakua wali. "Basi ule kama chakula cha mgeni," akasema. "Wa matanga tumeufuta." Tangu lile paja la Saranda sikuwa nimekula kitu cha maana. Nikala. Ulikuwa wali mtamu, wa karanga, na nilikula mpaka sahani ya pili.

Wakanipa sehemu ya kaka Idi ya kulala. Lile behewa walilikata kwa mbao, kila mtu na chumba chake, na chumba cha kaka kilikuwa na benchi moja la abiria, lile lile la mbao, amelitandika godoro la majani. Dirisha lake lilielekea reli. Juu ya dirisha palikuwa na fremu ndogo ya chuma, ile iliyowekewa tangazo la abiria zamani. Ndani ya fremu aliweka karatasi, imekuwa ya njano. Nikasogeza koroboi. BABA MGONJWA SANA NJOO.

"Hiyo hulala akiitazama," Bi Nyamizi akaniambia. "Juzi aliposoma hii mpya, akainua macho akaitazama ile ya zamani. Akasema, 'Safari hii sikosei.' Akaondoka na nguo aliyovaa."

Nikakaa kwenye benchi la kaka yangu. Nje fisi alilia, kisha mwingine akamjibu, kisha kimya kikaja, kimya ambacho Kariakoo hakipo hata usiku wa manane. Hapo ndipo nilipohesabu. Jumanne hapa, Jumatano mchana Saranda. Nilikuwa nikigombania paja la kuku, na ndugu yangu yuko dirishani nyuma yangu analia. Laiti ningegeuza shingo. Tungeteremka wote, ningemwambia mama yu hai, tungerudi pamoja.

Nilijawa na wivu pia, niwaambie ukweli. Sasa hivi, nikawaza, yuko kitandani kwa mama, anapewa radhi, na mimi niliyemtumikia niko porini nimevutiwa ngazi. Nikajionea aibu kwa wazo lile, nikajifunika. Nikalala usingizi mzito, mithili ya mtu aliyemaliza kazi.

Asubuhi Bi Nyamizi alinipa kopo la asali, amelifunga kwa jani. "Mpelekee mgonjwa," akasema. "Kwa kuwa yu hai, ailambe. Kaka yako alikuwa nayo miaka yote, kila msimu anasema atampelekea mama, kila msimu tunaila wenyewe." Nikalipokea. Nikamwomba radhi Mzee Kapela kwa maneno ya jana, nusu nusu tu, kwa sababu bado nilijiona nina haki. Akasema, "Mtani hakasirikiwi. Mwambie mama Kapela anamsalimia, na kwamba tumekula wali wake wa matanga akiwa hai."

Kurudi

Ijumaa alasiri treni ikanichukua. Jumamosi Tabora, Jumapili asubuhi Dar. Njia nzima kopo nililishika mapajani. Yule gadi mpole niliporudi naye alitaka kunipa pole tena, nikamkatiza nikamweleza, tukacheka wote wawili mpaka akafuta macho. Saranda niliteremka nikanunua kuku mzima wa kumpelekea mama, kidari laini, na treni ya upande wa pili ilipopita nilisimama nikaitazama dirisha kwa dirisha.

Stesheni ya Dar es Salaam

Kaka Idi alikuwa amesimama kwenye geti, kanzu nyeupe, kofia. Miaka saba imempunguza mwili. Nilimkimbilia. Tukashikana, naye akanishika muda mrefu kuliko nilivyotarajia.

"Umempata mama?" nikauliza.

"Nimempata."

"Amekupa radhi?"

"Amenipa."

"Alhamdulillahi. Anaendeleaje?"

Alitazama lile kopo mikononi mwangu. "Hiyo nini?"

"Asali ya mama. Bi Nyamizi kanipa."

Akalichukua taratibu, akalishika kwa mikono miwili kama mtu aliyepewa mtoto. Kisha akanishika mkono, akatafuta benchi, akanikalisha.

"Mama mgonjwa, Zuhura," akasema. "Mgonjwa sana."

Hapo nikajua. Hakuhitaji kuongeza neno. Na mimi nimekuja na asali kumtazama mgonjwa, kama yeye, siku mbili baada ya kuzika.

Alinisimulia tulipofika nyumbani. Alhamisi asubuhi aliingia uani analia kwa sauti, watu wa nyumba wakataharuki. Mama akaita kutoka ndani, "Nani huyo anamlilia mtu aliye hai? Ingia, mjinga wewe." Akaingia akapiga magoti. Mama akampa radhi yake, akamshika kichwa kutwa nzima. Usiku ule ule, baada ya isha, akaomba maji, akanywa, akageukia ukuta. Ijumaa walimzika baada ya sala.

Usiku ule wa Alhamisi, baada ya isha. Saa ile nilikuwa nakula sahani ya pili.

Kwa hiyo mkiniuliza kwa nini sikuwepo kwenye matanga ya mama yangu, nilikuwepo. Nimeyakalia usiku mmoja tu, porini, ndani ya behewa, pamoja na watu ambao hawakuwahi kumwona. Walipunguza posho zao wakampikia, wakamlilia, na mimi nikawagombeza, nikawakunjisha mkeka, na usiku ule ule roho yake ikatoka.

Nilimuuliza kaka Idi kama mama aliacha neno langu. Niliogopa kuuliza, nikauliza siku ya tatu.

"Nilimwambia, mama, na Zuhura je, yeye humwachii radhi?" akasema. "Akanishangaa. Akasema, 'Zuhura ya nini? Radhi hupewa aliyekosa.'"

Nimelia zaidi kwa neno hilo kuliko kwa kaburi. Ningetaka kulisikia kwa masikio yangu.

Mangi alikuja kunipa pole, ameshika kofia, anajua watu wanamnyooshea kidole. Nilikuwa nimeweka akiba ya maneno ya kumtukana tangu behewani. Lakini bila ile telegramu yake, Idi angekuja na mimi Jumapili, akakuta kaburi la pili. Nikamwambia, "Mangi, chukua penseli. Unipigie telegramu kule kwa Mzee Kapela."

"Niandike mama mgonjwa?" akauliza kwa adabu. Alikuwa ameshafundishwa na mtaa.

"Hapana. Andika kama mnavyoandika kwenu. Andika: Mama amekufa usiku ule ule. Utandikeni mkeka. Wali wenu ulikuwa wake."